Mzee wa Bama: Tuwaulize Wapiganaji Wetu Wangali Hai

Wahenga walinena ya kwamba majuto ni mjukuu, huja baadaye. Methali hii nimekuwa nikiipachika katika insha tangu shule ya msingi bila kuonja uchungu wake. Sasa nimeuonja, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Kwetu ni karibu na mto Thuci, unaotenganisha Embu na Tharaka Nithi, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya wilaya ya Meru. Kijijini palikuwa na mzee mmoja mkongwe aliyependa kutaja "Bama". Mvua ikinyesha mpaka mifereji ikafurika, yeye alicheka tu, akasema, "Hii nayo ni mvua? Mvua niliiona Bama!" Basi sisi watoto tukambandika jina la Mzee wa Bama. Tulidhani Bama ni soko fulani la mbuzi huko mbali. Alifariki nikiwa darasa la nne.

Nilipofika kidato cha pili, mwalimu wa historia alitufundisha kwamba katika Vita Vikuu vya Pili askari wa Afrika Mashariki walipelekwa Burma kupigana na Wajapani. Mwaka wa 1944 walipita katika bonde la Kabaw wakati wa masika makali, matope yakiwafika magotini. Nilishtuka kama aliyemwagiwa maji baridi. Kumbe Bama ni Burma! Mzee aliyekuwa akituonyesha historia kwa kidole tulimcheka, na sasa hakuna wa kumuuliza.

Je, mpiganaji wa zamani ni nani? Wengi wetu tukisikia neno hilo tunafikiria Mau Mau peke yao. La hasha! Kuna makundi kadhaa. Kwanza ni askari wa KAR, jeshi ambalo Waingereza waliliunda mwaka wa 1902. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, 1914 hadi 1918, pamoja na askari hao walichukuliwa wapagazi wengi wa kubeba mizigo ya jeshi. Maelfu walikufa kwa njaa na magonjwa. Jina la mtaa wa Kariokor jijini Nairobi limetokana na kikosi hicho cha wapagazi. Katika Vita vya Pili, askari wetu walifika Ethiopia, Madagascar na huko Burma. Waliporudi, waliona askari Wazungu wakigawiwa mashamba katika nchi hii hii, nao wakabaki mikono mitupu.

Hapo ndipo kundi la kwanza linapoungana na la pili. Waruhiu Itote, aliyejulikana kama Jenerali China, alikuwa askari wa KAR huko Burma. Baadaye aliongoza wapiganaji wa Mau Mau wa Mlima Kenya mpaka alipokamatwa Januari 1954. Yaani ujuzi aliopewa na Mwingereza aliugeuza ukamrudia Mwingereza mwenyewe.

Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na watu wa Embu na Meru waliguswa na sheria zake kali pamoja na Wakikuyu. Kutoka Embu alitokea Jenerali Kubukubu, ambaye jina lake limepewa barabara mjini Embu. Kutoka Meru alitokea Musa Mwariama, aliyekaa msituni bila kukamatwa mpaka uhuru ulipopatikana mwaka wa 1963. Alifariki mwaka wa 1989. Jenerali Baimungi, naye wa Meru, aliuawa mwaka wa 1965, wakati bendera yetu ilikuwa inapepea tayari. Mambo hayo si ya kupigiwa makofi tu, ni ya kutafakari.

Kundi la tatu ni wanajeshi wa siku zetu, kama wale waliovuka mpaka kuingia Somalia Oktoba 2011. Baadhi yao wamerudi wakiwa na majeraha, na wengine hawakurudi kabisa. Hawa nao tusisubiri mpaka wapate mvi.

Pengine utaniuliza, mbona wazee wetu hawakutuambia? Sababu ni mbili. Wapiganaji wa Mau Mau walikula kiapo cha kutotoa siri, na kiapo kwa mzee wa huku si mchezo. Tena serikali ya kikoloni ilipiga marufuku Mau Mau mwaka wa 1950, na marufuku hiyo haikuondolewa kisheria mpaka mwaka wa 2003. Hebu fikiria: uhuru ulikuwa umetimiza miaka arobaini! Mtu angejivunia vipi chama kilichokuwa bado haramu? Wengi walifyata midomo, wakafa na habari zao.

Tangu hapo mambo yamebadilika kidogo. Mwaka wa 2007 sanamu ya Dedan Kimathi ilisimamishwa Nairobi. Katiba ya 2010 iliigeuza sikukuu ya tarehe 20 Oktoba kuwa Siku ya Mashujaa. Mwaka wa 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wahasiriwa 5,228 wa mateso ya enzi hiyo. Hata hivyo, sherehe peke yake haifundishi. Mimi mwenyewe nimekariri shairi mbele ya wageni wa heshima siku kama hiyo, huku wazee wenye medali wakikaa nyuma kabisa juani. Tuliwaimbia lakini hatukuwauliza lolote.

Likizo iliyopita niliamua kuuliza. Nilimwendea nyanya mmoja jirani yetu, ambaye alikuwa msichana mdogo wakati wa hali ya hatari. Swali langu la kwanza lilikuwa la kijinga: "Cucu, uliona watu wakiuawa?" Alinyamaza, akaanza kuchambua maharagwe. Nikaona nimevuruga mambo. Baada ya muda nikamuuliza, "Mlikuwa mnakula nini siku hizo?" Weee! Hapo alifunguka mpaka chai ikapoa. Alieleza jinsi walivyohamishwa wakakaa katika kijiji kimoja chenye ulinzi, na jinsi mama yake alivyolazimishwa kwenda kuchimba lile handaki refu la kando ya msitu wa Mlima Kenya. Mchana mama alichimba ili chakula kisifike msituni, na usiku alificha viazi chini ya majani ili vifike. Na kaka yake mkubwa alikuwa homugadi, upande wa serikali. "Wote walikula kwa chungu kimoja," aliniambia. "Andika wote."

Kutokana na ziara hiyo nimejifunza mambo manne. Nenda na mtu wa jamaa yake ili asikushuku. Anza na mambo ya nyumbani kama chakula, nguo na nyimbo, wala usikimbilie damu. Mwache aseme kwa lugha ya mama, nawe utafsiri baadaye. Na asipojua mwaka, uliza rika gani lilikuwa limetahiriwa au njaa gani ilikuwapo, kisha ulinganishe na kitabu. Ukiambiwa habari za homugadi, usizitupe. Historia yenye upande mmoja ni kama kinu kisicho na mchi.

Kwa hivyo naomba chama chetu cha Kiswahili kianzishe daftari moja. Kila mwanachama alete masimulizi ya mzee mmoja, yakiwa na tarehe na jina la kijiji, na yasomwe mbele ya shule kabla ya tarehe 20 Oktoba. Twende pia pamoja kwenye Jumba la Makumbusho la Meru, tukitoka tuwe na maswali ya kuwapelekea wazee.

Ukurasa wa kwanza ningependa uwe wa Mzee wa Bama. Nina neno moja tu la kuandika hapo, nalo ni mvua. Wewe ambaye mzee wako bado anaota jua mlangoni, usije ukabaki na neno moja kama mimi.