Makombe Ndani ya Jabali: Bahari ya Kale ya Kilifi na Malindi (2)

Jabali la matumbawe linaloonekana ufuoni kuanzia Malindi, Watamu hadi Kilifi lilijengeka chini ya maji, na wataalamu wengi huihusisha sehemu yake ya juu na kipindi cha yapata miaka 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu ya kiwango cha leo kwa mita 6 hadi 9. Matumbawe tumeshayataja, lakini makombe yana ushahidi wa kina zaidi, kwa kuwa hutofautisha aina moja ya maji na nyingine. Chaza mkubwa, tridakna, hufuga miani ndani ya nyama yake, na miani haiishi pasipo jua. Akikutwa amekaa kama alivyoishi, pande mbili za kombe zimeshikana na mdomo umeelekea juu, hapo palikuwa na maji maangavu ya kina kifupi. Tondo, konokono wa pwani, ni wa tope la mikoko, kama anavyoonekana hadi leo katika hori ya Mida.

Atakuja mpinzani aseme mawimbi huhamisha makombe, na kaa huyavaa matupu na kutembea nayo. Ni kweli, na ndiyo maana kombe moja si shahidi. J. A. Crame, aliyechunguza miamba hii ya Kenya na kuchapisha kazi yake miaka ya 1980, aliyatazama makombe kwa makundi. Hiyo ndiyo njia: wakubwa kwa wadogo wa aina moja wakiwa pamoja, kingo zao hazijasagika, ni vigumu kusema wametupwa hapo na dhoruba.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Makombe mengi ni ya aragonaiti, aina ya chokaa ambayo mvua ikipenya mwambani huiyeyusha, ilhali kombe la chaza wa kuliwa ni la kalsiti, chokaa ya aina nyingine, na hudumu. Anayehesabu yaliyobaki tu ataiona bahari iliyojaa chaza wa aina hiyo peke yao. Lakini kombe lililoyeyuka huacha uwazi wenye umbo lake: mimina plasta humo, nayo hutoka na mifereji yote ya kombe, na aina yake hujulikana.

Lisilotolewa na kombe ni kipimo kamili cha usawa wa bahari. Tridakna huishi karibu na uso wa maji, na pia mita kadhaa chini. Hutupatia ukanda, si mstari. Anayetaka mstari atafute mwambani alama ya maji kupwa na kujaa. Juma lijalo tutapanda bara hadi chokaa ya Kambe, iliyo kongwe kuliko jabali hili kwa mamilioni ya miaka.