Safari ya marafiki ipimwe kwa mfuko mwembamba

Wahenga walinena kwamba mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Methali hii tumeifundisha darasani miaka nenda miaka rudi, tukaitolea mifano, na wanafunzi wakaijibu katika mitihani wakapata alama zao. La kushangaza ni kwamba wengi wetu tunaoifundisha katika sehemu hizi za Rangwe hatujatembea mbali. Mombasa tunaijua kwa ramani. Reli tunaichora ubaoni kwa chaki, mistari miwili yenye vijiti vya kukatiza, ilhali yupo mwanafunzi wa kidato cha tatu ambaye hajapata kuisikia treni ikipita; na, ukweli usemwe, yupo pia mwalimu wake.

Hilo si kosa la mtu. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Nairobi Mei 1899, na Desemba 1901 ikakomea Kisumu, ng'ambo ya Ghuba ya Winam. Sisi wa kusini mwa ghuba tulifikiwa na meli za shirika la reli, zilizokuwa zikitia nanga Kendu Bay na Homa Bay, wala hatukufikiwa na behewa. Hata leo, mtu wa Rangwe atakaye kupanda garimoshi hana budi kwanza kupanda matatu hadi Kisumu, kwa njia ya Oyugis, Sondu na Ahero.

Ndiyo maana walimu saba wa shule jirani, nami nikiwamo, tumeazimia kufunga safari ya treni katika likizo ya Agosti. Ninaandika kuhusu mipango ya safari hiyo, wala si safari yenyewe, kwa kuwa mipango imetufunza jambo ambalo nadhani linawahusu walimu wote wanaopeleka wanafunzi ziara, na wanafunzi wote wanaoachwa nyuma ziara hizo zinapoondoka.

Pendekezo la kwanza lilikuwa Italia. Mwenzetu mmoja, kijana afundishaye jiografia, alileta kikaoni ramani yenye mstari mwekundu kutoka Roma hadi Florence, kutoka Florence hadi Bologna, na kutoka Bologna hadi Venice. Hakuwa akiota ndoto za mchana. Italia ni mahali pazuri kwa msafiri wa reli. Treni yao ya kwanza ilianza kwenda kati ya Naples na Portici mwaka 1839. Siku hizi safari ya Roma hadi Florence kwa treni ya kasi huchukua muda wa saa moja na nusu hivi, na kampuni mbili hushindania abiria katika njia hiyo. Anayenunua tiketi mapema hulipa kidogo. Anayechelewa hulipia uvivu wake. Tukamsikiliza kwa hamu. Kisha mwalimu wa hisabati akauliza habari za nauli ya ndege, viza ya Schengen, bima ya safari na ushahidi wa fedha benkini. Ramani ikakunjwa polepole, bila ya mtu yeyote kumcheka mwenyewe.

Aliyeikunja ramani ndiye aliyetukumbusha kwamba hata sisi tunayo Florence yetu. Mji wa Kisumu, reli ilipoufikia, uliitwa Port Florence. Jina hilo halikutoka katika mji wa Italia bali lilikuwa la Florence Preston, mke wa Ronald Preston aliyesimamia utandikaji wa reli. Basi tukaafikiana: miji yetu itakuwa Kisumu, Nairobi, Voi na Mombasa.

Hapo ndipo tulipotambua kwamba ratiba ya treni haijui urafiki. Huduma ya abiria kati ya Nairobi na Kisumu ilirejeshwa Desemba 2021 baada ya kukosekana kwa miaka mingi, na ratiba iliyotangazwa wakati huo ilikuwa ya safari moja kwa juma: treni huondoka Nairobi Ijumaa jioni, na huondoka Kisumu Jumapili jioni, ikisafiri usiku kucha. Huko Italia ukikosa treni ya kasi kutoka Roma, yamkini utaingoja nyingine kwa muda usiozidi saa moja. Hapa kwetu ukiikosa ya Kisumu, huenda ukaingoja juma zima. Kwa hiyo safari yetu ilijipangia siku zake yenyewe: kuondoka Jumapili, kurudi nyumbani Jumamosi, na kabla ya kulipa chochote, kuthibitisha stesheni kwamba ratiba haijabadilika.

Isitoshe, hakuna treni ya moja kwa moja kutoka ziwani hadi baharini. Njia ya Kisumu ni reli ya zamani yenye upana wa mita moja. Njia ya Mombasa ni reli ya SGR, yenye upana wa milimita 1,435, iliyofunguliwa Mei 2017. Magurudumu ya moja hayaingii katika njia ya nyingine. Abiria atokaye Kisumu hushukia stesheni kuu ya katikati ya Nairobi, naye lazima afike Syokimau ili apande treni ya Mombasa. Wakati wa kurudi ndipo pana hatari zaidi. Treni ya Ijumaa asubuhi kutoka Mombasa hufika Nairobi alasiri, na ile ya Kisumu huondoka jioni. Katikati pana saa chache tu za kuhama stesheni. Mwalimu wa hisabati alizipigia mstari saa hizo kwa wino mwekundu, akasema kwamba hapo hakuna kwenda sokoni.

Lakini jambo zito lilikuwa fedha. Msomaji mpendwa, katika kila kundi la marafiki yumo mmoja ambaye mfuko wake ni mwembamba kuliko ya wenzake. Ana karo za watoto, ana mkopo wa chama cha akiba, ana mgonjwa nyumbani. Mara nyingi hasemi. Kiasi kinapotajwa, anatikisa kichwa kukubali pamoja na wengine. Siku zinapokaribia, anaanza kutoa visingizio: shamba linamngoja, mjomba anakuja, mgongo unamuuma. Wenzake wanaondoka wakimlaumu kwamba ameshindwa kutimiza ahadi. Kumbe hakushindwa na ahadi. Alishindwa na bei aliyopangiwa na wengine, na haya ikamziba kinywa.

Ili kuepuka hayo, mwenzetu mmoja wa kike, mkongwe wa kazi hii kutushinda sote, alitoa shauri la busara. Kila mtu apewe kikaratasi, aandike kiasi cha juu kabisa awezacho kulipa bila kuumiza nyumba yake, asiandike jina, kisha akikunje na kukitia katika kofia. Vikaratasi vilipofunguliwa, kimoja kilitaja shilingi 30,000, vingine 15,000 na 20,000, na kimoja kikataja 9,000. Hakuna aliyeuliza ni cha nani. Yule mama akaandika 9,000 juu ya daftari, akasema, "Hii ndiyo bajeti yetu. Sasa tupange."

Tukapanga. Nauli ya SGR kati ya Nairobi na Mombasa, kwa viwango vilivyoanza Januari 2024, ni shilingi 1,500 katika daraja la kawaida na shilingi 4,500 katika daraja la kwanza. Kwenda na kurudi daraja la kwanza ni shilingi 9,000 kamili. Yaani viti vile vipana vingemeza bajeti nzima, na abiria wake angefika Mombasa bila senti ya chai. Daraja la kawaida ni shilingi 3,000, thuluthi moja ya fedha zetu. Wapo kati yetu ambao wangemudu lile la kwanza, lakini madaraja hayo yana mabehewa yake mbalimbali. Kundi ambalo nusu yake imeketi behewa la mbele na nusu behewa la nyuma limesafiri siku moja, halikusafiri pamoja.

Voi nayo ikaondoka katika orodha. Niliilamba midomo Voi, kwa kuwa nilitamani kulala karibu na Tsavo, ambako mwaka 1898 simba wawili waliwaua wajenzi wa reli hadi kazi ikasimama. Mwalimu Nyerere aliwaambia wananchi wake mwaka 1969, alipokuwa akieleza Mpango wa Pili wa Miaka Mitano, kwamba kupanga ni kuchagua. Tukachagua. Voi tutaiona dirishani. Badala yake, Jumatatu tutazuru Makumbusho ya Reli jijini Nairobi, ambamo limehifadhiwa behewa ambalo Charles Ryall, mkuu wa polisi wa reli, alinyakuliwa na simba huko Kima mwaka 1900. Jumanne asubuhi tutaelekea Mombasa, tukae siku tatu, tuione Fort Jesus iliyoanzwa na Wareno mwaka 1593. Huko mwenzetu mmoja ana jamaa atakayetupa pa kulala. Usiku mbili tutalala garini, kwa hiyo hizo hazina gharama ya malazi.

Kila mmoja anatoa shilingi 900 kwa mwezi, kwa miezi kumi. Anayetaka kuongeza zaidi anaruhusiwa kutia katika mfuko wa dharura, bila jina lake kutajwa wala kupigiwa makofi. Tumekubaliana pia kwamba akifiwa mtu, na huku kwetu msiba hauombi ruhusa, fedha zake zitarudishwa kabla ya tiketi kununuliwa.

Atatokea wa kusema kwamba kuipima safari kwa mfuko wa mnyonge ni kuwapunja wenye uwezo. Hoja hiyo nimeitafakari. Mwenye uwezo hajafungiwa mlango; anaweza kwenda Voi kivyake Desemba, na Italia mwaka ujao, na tutamwombea heri. Lakini akisema anasafiri na marafiki, basi hao marafiki ndio safari. Kupunguza mji mmoja katika orodha ni hasara ndogo. Kumpunguza mtu mmoja ni hasara ambayo haifidiwi na picha za pwani.

Sasa niwageukie walimu wenzangu. Ziara za shule zetu hupangwaje? Mara nyingi mahali huchaguliwa kwanza, gari likatafutwa, gharama ikajumlishwa, na barua ikapelekwa kwa wazazi: kila mwanafunzi alete kiasi hiki kabla ya tarehe hii. Siku ya safari basi linaondoka na nusu ya darasa. Nusu nyingine hubaki ikifyeka nyasi, na wiki inayofuata huambiwa iandike insha kuhusu ziara ambayo haikuiona. Tunasema wazazi wao hawakulipa. Hatusemi kwamba sisi ndio tuliochagua bei ambayo hawakuweza kuilipa. Watoto hao ni sawa na yule rafiki mwenye mgongo unaouma, ila wao hata visingizio hawapewi nafasi ya kuvitoa.

Tuugeuze utaratibu huo. Tuanze na kiasi ambacho mzazi wa hali ya chini kabisa anaweza kukitoa kidogo kidogo, kisha ndipo tuulize kiasi hicho kitatufikisha wapi. Pengine kitatufikisha Kisumu tu, stesheni, wanafunzi waione reli, waishike kwa mikono, wapime kwa rula upana wake kama ni mita moja kweli. Si haba. Darasa zima lililofika Kisumu limejifunza mengi kuliko nusu ya darasa iliyofika Mombasa.

Aidha, kazi ya kupanga tusiwanyime wanafunzi. Mtaala wa umilisi unatutaka tuwape kazi za kutenda, na hii ni kazi ya kutenda iliyokamilika. Ndani yake mna hesabu za nauli na akiba, jiografia ya njia na masafa, na historia ya vibarua 32,000 hivi walioletwa kutoka India, ambao karibu 2,500 kati yao walifia katika ujenzi wa reli. Mna Kiswahili pia, kwa kuwa lazima barua iandikwe kwa meneja wa stesheni na kumbukumbu za vikao zihifadhiwe. Juu ya yote mna somo ambalo halina mtihani: kumfikiria mwenzako asiyesema.

Nanyi wanafunzi, siku mtakapoketi na marafiki zenu kupanga safari, iwe ya Homa Bay, ya Mombasa au ya hiyo Venice yenye mitaa ya maji, msianze na ramani. Tafuteni kofia na vikaratasi saba. Kile chenye kiasi kidogo kikifunguliwa, msitazamane usoni. Kiandikeni juu ya daftari, kisha muanze kuhesabu miji.