Gari la Kumbeba Mzee na Kiti Chake: Mambo ya Kujua Ukiwa Uingereza

Kwa familia nyingi za Waswahili hapa Uingereza jambo hili huja ghafla. Mzee amepata kiharusi, au mtoto amekua hawezi tena kubebwa mikononi, na gari la nyumbani halifai tena. Anayeuliza bei ya magari yaliyotengenezwa kumpakia mtu akiwa ameketi kwenye kiti chake cha magurudumu, yale yanayoitwa WAV, hushtuka: jipya huvuka pauni 20,000 bila shida. Ukijua yalikotoka, utajua pia pa kutafuta la bei nafuu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya hapa iliwapa watu wenye ulemavu kigari cha magurudumu matatu, rangi ya samawati, kilichoitwa Invacar. Kilitokana na kazi ya Bert Greeves mwaka 1948, ambaye binamu yake alikuwa amepooza. Kiliwasaidia wengi, lakini kilikuwa na kiti kimoja tu, na kupakia abiria kulikatazwa. Mama mwenye ulemavu hakuweza kumpeleka mwanawe shule. Asiyeweza kuendesha hakupata chochote. Yaani sera nzima ilimhesabu mlemavu kama mtu asiye na familia, na kwangu hilo ndilo lililokuwa kosa lake kubwa kuliko hata hatari za kigari hicho barabarani.

Mambo yaligeuka mwaka 1976, ilipoanza posho ya usafiri, na mwaka 1977, ilipoundwa Motability. Mtu huiachia posho yake, naye hukodishiwa gari pamoja na bima na matengenezo. Invacar za serikali ziliondolewa barabarani tarehe 31 Machi 2003. Leo anayepata PIP, posho ya serikali kwa wenye ulemavu, ya kiwango cha juu cha usafiri anaweza kuingia katika mpango huo, ingawa kwa WAV mara nyingi hudaiwa pia malipo ya mwanzo, tena si madogo.

Hapa ndipo familia zetu nyingi hukwama. Mwenye viza isiyoruhusu misaada ya serikali hapati PIP. Na mzee aliyeanza kuumwa baada ya umri wa pensheni huelekezwa kwenye posho nyingine, Attendance Allowance, ambayo haina sehemu ya usafiri, kwa hiyo mlango wa Motability umefungwa kwake. Sioni haki yoyote katika mpaka huo: miguu ya mtu wa miaka 70 ikikataa kutembea haimsumbui kidogo kuliko ya mtu wa miaka 60. Lakini kuna mambo mawili yanayosaidia. Kwanza, mtumiaji wa kiti cha magurudumu anaponunua gari jipya lililobadilishwa kwa ajili yake anaweza kusamehewa VAT, na msamaha huo hautegemei PIP. Pili, na hili ndilo kubwa, WAV za Motability hukodishwa kwa kawaida miaka 5, kisha huuzwa. Hizo ndizo zinazojaza soko la mitumba, nyingi zikiwa zimetunzwa vizuri. Tafuta huko.

Kabla ya yote, jiulize: mzee anaweza kuhamia kwenye kiti cha gari, hata kwa kusaidiwa? Kama anaweza bila maumivu, huhitaji WAV. Citroën Berlingo ya kawaida au Peugeot Rifter, yenye milango ya kuteleza na buti refu, itameza kiti kilichokunjwa na watu watano, kwa bei ndogo zaidi.

Kama hawezi, elewa kinachofanyika. Fundi hukata sakafu ya nyuma na kuishusha ili kichwa kisigonge paa, kisha huweka rampu na vifungio. Kazi hiyo ndiyo unayoilipia. Ndiyo sababu pia hutumika vigari vyenye asili ya mizigo: ni virefu kwenda juu na vina mlango mpana nyuma. Katika magari ya umeme betri hukaa chini ya sakafu, palepale panapotakiwa kukatwa, kwa hiyo kazi huwa ngumu zaidi.

Sakafu ikikatwa, viti hupungua. Gari lililokuwa la watu watano huenda likabaki na dereva, abiria wa mbele, kiti cha magurudumu na viti viwili vyembamba nyuma, au hata bila hivyo viwili. Hesabu watu wako kwa ukweli: nani anamshika mzee safarini, watoto wanakaa wapi? Mkiwa wengi, Ford Tourneo Custom au Volkswagen Caravelle iliyobadilishwa itawatosha, ila ni ndefu kuegesha na hunywa mafuta zaidi.

Pima urefu wa mzee akiwa ameketi kitini, kuanzia chini hadi utosini, kisha ulinganishe na mlango wa nyuma. Kiti cha umeme peke yake kinaweza kuvuka kilo 100, hivyo uliza uwezo wa rampu, na kama msukumaji ni mama mwenye mgongo mbovu, usikubali gari lisilo na winchi. Kiti hufungwa kwa mikanda minne sakafuni, na mtu hufungwa mkanda wake mwingine. Ule mkanda mdogo wa kitini wa kumzuia asiteleze hauwezi kumlinda gari likigonga.

Anayemnunulia mzazi aliyeko Kenya au Tanzania asihangaike kusafirisha WAV ya hapa. Toyota hutengeneza Japani matoleo ya Welcab, zikiwemo Noah na Sienta zenye rampu, na mafundi wa nyumbani wanazijua Toyota. Kwa Kenya tu, kumbuka gari la mtumba halitakiwi kuzidi miaka minane.

Usilipe amana kwa picha za mtandaoni. Mpeleke mzee mwenyewe apandishwe, afungwe, azungushwe mtaa mzima, kisha umuulize kama anaona nje dirishani na kama anasikia mnachosema mbele. Akisema hapana, endelea kutafuta.