KWA NINI NYAYA ZA GARI HUYEYUKA?



Usiku mmoja pikapu ya kijiji chetu ilikuwa inampeleka mama mjamzito kituo cha afya. Gari hilo ni kuukuu, lakini ndilo tunalolitegemea. Mimi nilikuwamo. Tulipofika katikati ya pori, taa za mbele zilianza kufifia. Mara zikazimika kabisa. Tukasikia harufu ya plastiki inayoungua.

Dereva alisimamisha gari, akazima injini, akafungua boneti. Moshi ulikuwa unatoka kwenye sanduku la fyuzi. Haraka akafungua waya wa betri. Moshi ukakoma. Kisha akachomoa waya wa taa uliokuwa umeungua, akaufunga pembeni, akarudisha waya wa betri. Safari ikaendelea polepole. Kaka yake yule mama alitangulia kwa miguu, akimulika njia kwa tochi. Tulifika alfajiri. Tunashukuru, mtoto alizaliwa salama. Lakini ingeweza kuwa vinginevyo.

Asubuhi tulimwita fundi wa umeme wa magari. Ni mzee mwenye uzoefu. Alitazama sanduku lile, akauliza:

"Kijana wangu, nani aliweka kipande hiki cha waya mahali pa fyuzi?"

"Ni mimi, mzee," dereva akajibu. "Fyuzi ilikuwa inakatika kila mara."

"Ilianza lini?"

"Tangu nilipoweka globu kubwa, ili nione mbali."

Mzee akatikisa kichwa. "Fyuzi ilikuwa inakuonya. Wewe ukaiziba mdomo."

JOTO LINATOKA WAPI?

Fikirini zizi la ng'ombe. Mlango ukiwa mpana, ng'ombe hutoka kwa utulivu. Mlango ukiwa mwembamba, husukumana na kusuguana. Umeme nao ni hivyo. Ukipita mahali pazuri, hauleti shida. Ukipita mahali pembamba, huleta joto.

Mahali pembamba katika gari ni wapi? Mara nyingi si katikati ya waya. Ni pale waya unapoungana na kitu kingine: kwenye fyuzi, kwenye swichi, au kwenye plagi nyuma ya taa. Gari likizeeka, viungo hivyo hulegea kwa mtikisiko. Vumbi na maji huingia. Shaba hupata kutu ya kijani. Vyuma viwili vinaonekana vimeshikana, kumbe vinagusana kidogo tu.

Basi hapo joto huanza. Joto hulegeza chuma kinachobana. Kikilegea, joto huzidi. Likizidi, plastiki huyeyuka. Ndiyo sababu kiungo kibovu hakiponi chenyewe. Kila siku huwa kibaya zaidi.

TUFANYE HESABU

Gawanya wati kwa volti, utapata ampea. Ampea ndiyo hesabu ya ng'ombe wanaopita mlangoni. Magari mengi hutumia volti 12.

Globu mbili za wati 55 ni wati 110. Gawanya kwa 12. Ni karibu ampea 9.
Globu mbili za wati 100 ni wati 200. Gawanya kwa 12. Ni karibu ampea 17.

Tena kumbukeni jambo hili: umeme ukiongezeka mara mbili katika kiungo kilekile, joto huongezeka mara nne. Dereva wetu aliongeza ng'ombe, na mlango wake ulikuwa umekwisha zeeka.

Je, fyuzi ingetuokoa? Fyuzi huhesabu ng'ombe tu. Wakizidi, hufunga njia. Lakini haioni mlango mwembamba. Kiungo kilicholegea kinaweza kuyeyuka na fyuzi ikabaki nzima. Kwa hiyo fyuzi nzima si ushahidi kwamba mambo ni mazuri. Na fyuzi inayokatika kila mara haitibiwi kwa waya wala kwa karatasi ya sigara.

JINSI YA KUTAFUTA KIUNGO KIBOVU

1. Nusa na utazame. Tafuta plastiki iliyogeuka rangi ya kahawia, iliyojikunja au kuyeyuka. Tafuta kutu ya kijani.

2. Washa taa kwa dakika 5, kisha zima. Gusa kila kiungo kwa uangalifu kwa mgongo wa kidole. Kilicho na joto kuliko wenzake ndicho unachokitafuta. Usiguse globu, itakuunguza.

3. Kama kuna mita ya umeme, taa zikiwa zinawaka, weka ncha moja upande huu wa kiungo na ncha nyingine upande wa pili. Kiungo kizuri huonyesha karibu sifuri. Kikionyesha nusu volti au zaidi, ni kibovu.

4. Usisahau waya unaotoka kwenye taa kwenda kwenye bodi ya gari. Umeme lazima urudi kwenye betri. Hapo nako kutu huzuia njia.

JINSI YA KUTENGENEZA

Kwanza, fungua waya wa betri wenye alama ya kutoa (–). Vua pete na saa ya chuma. Usivute sigara karibu na betri, kwa sababu hutoa hewa inayoweza kulipuka.

Pili, kata sehemu iliyoungua. Shaba iliyopata joto huwa nyeusi hata ndani ya ganda lake. Endelea kukata hadi uone shaba inayong'aa. Waya ukiwa mfupi, ongeza mwingine wa unene uleule au mnene zaidi. Usiweke mwembamba.

Tatu, badilisha pande zote mbili za kiungo. Ukiweka upande mmoja mpya na kuacha wa zamani uliolegea, utaungua tena. Funga vichwa vipya vya waya kwa koleo lake, vishike sawasawa. Kusokota nyaya kwa vidole na kuzungushia tepu si kutengeneza. Ni kuahirisha ajali.

Nne, weka fyuzi ya kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji wa gari. Rudisha pia globu za kipimo cha gari.

Tano, rudisha waya wa betri, washa taa dakika 5, kisha gusa tena. Kusiwe na joto.

Fundi wetu aliongeza kitu kimoja: rilei. Hii ni swichi inayoamrishwa na umeme kidogo. Katika magari mengi ya zamani umeme wote wa taa hupita kwenye swichi ya dereva, na swichi huungua. Ukiweka rilei, umeme mwingi hutoka kwenye betri, hupita kwenye fyuzi iliyo karibu na betri, kisha rilei, hadi kwenye taa. Swichi ya dereva hutoa amri tu. Kazi hii afanye mtu anayeijua.

Sasa pikapu yetu inawaka taa vizuri. Dereva amerudisha globu za wati 55, naye anasema anaona mbali kuliko zamani. Si ajabu. Umeme uliokuwa unapotea kwa kuyeyusha plastiki sasa unafika kwenye taa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KISOMO CHENU

1. Kwa nini kiungo kinaweza kuyeyuka na fyuzi isikatike?
2. Globu mbili za wati 60 katika gari la volti 12 hutumia ampea ngapi?
3. Gari linalobeba wagonjwa kijijini kwenu lilikaguliwa nyaya lini? Nani ana wajibu wa kulikagua?