Mursik: Subira Yavuta Heri au Ngoja Ngoja Yaumiza Matumbo?

Wavutaji wa kiko huko Ulaya wana mjadala wao usiokwisha: je, tumbaku ivutwe ingali mpya, au ifungiwe mkebeni miaka kadhaa hadi ukali wake upoe? Hatuna haja ya kuwaamua, kwani tumbaku, iwe changa au kongwe, ni sumu ile ile. Hata hivyo, swali lenyewe nililikuta hivi majuzi Merigi, katika Kaunti ya Bomet, si juu ya tumbaku bali juu ya maziwa.

Mama mwenye boma alituwekea vibuyu viwili. "Mwalimu, hiki ni cha juzi," akasema, "na hiki kimelala mwezi mzima." Mjukuu wake, mwanafunzi wa chuo kikuu, akakimbilia cha kwanza, akidai kwamba cha pili ni pombe iliyovaa kanzu ya maziwa. Bibi akacheka, akamjibu kwamba vijana wa siku hizi hawana subira hata ya koo.

Yeyote aijuaye lugha ya Kiswahili ataona kwamba ubishi huu una mizizi mirefu. Ndizi huvumbikwa zikaiva, unga huumuka, tui huchacha, nyama huoza. Maziwa nayo hulala, ndiposa tukayaita maziwa lala. Lugha yenyewe yakiri kwamba muda una kazi mbili, kukomaza na kuharibu. Tatizo ni kuujua mpaka kati yake.

Wakipsigis huchoma kijiti cha senetwet, wakayasugua makaa yake ndani ya sotet, yaani kibuyu, kisha wakatia maziwa yaliyochemshwa na kupoa. Bakteria hugeuza sukari ya maziwa kuwa asidi, nayo asidi huzuia vijidudu vingi viharibuvyo chakula. Kwa watu wasiokuwa na jokofu, huo ulikuwa ujuzi wa hali ya juu, wala si ushamba.

Lakini kibuyuni hamna bakteria peke yake. Hamira za asili nazo hufanya kazi, zikitoa pombe kidogo na kemikali iitwayo asetaldehidi. Mwaka 2013 watafiti walichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwapo kwa vitu hivyo viwili katika mursik. Miaka minne kabla ya hapo, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeiweka asetaldehidi itokanayo na unywaji wa pombe miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu. Jambo hili si la kupuuzwa Bomet, ambako hospitali ya Tenwek imewatibu kwa miaka mingi wagonjwa wengi wa saratani ya umio, baadhi yao wakiwa vijana.

Simaanishi kwamba mursik imekwisha kuhukumiwa. Watafiti wametaja pia tumbaku, pombe na vinywaji vya moto mno. Mwaka 2016 shirika lilo hilo lilieleza kwamba vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 za Selsiasi yaelekea husababisha saratani ya umio. Kikombe chetu cha chai nacho kimo kizimbani!

Chai hiyo hiyo, hata hivyo, yatupa funzo. Katika viwanda vya Kericho na Bomet, majani hayaachwi yachachuke ovyo; muda wake hupimwa kwa saa, kwani ukizidi ladha hufa. Kwa nini kipimo kilichoingia kiwandani kisifike jikoni?

Maoni yangu ni haya. Mursik ilale siku chache, si mwezi, na kila kibuyu kiwekewe alama ya siku kilipojazwa. Aidha, wanasayansi wetu, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Kabianga kilicho jirani, wavipime vibuyu vya vijijini siku baada ya siku, kisha jibu walirudishe kwa Kikipsigis na Kiswahili. Utafiti unaosomwa ng'ambo tu haumfai mama wa Merigi, ambaye kibuyu ndicho chake.

Siku ile nilikunywa cha juzi hadi nikatosheka, nikaonja cha mwezi kwa heshima ya mwenyeji. Wahenga walisema subira yavuta heri. Tusisahau kwamba ni wao pia waliosema ngoja ngoja yaumiza matumbo.