Majani Yaliyochunguzwa kama Dawa ya Kisukari

Catharanthus roseus ni mmea wenye asili ya Madagaska, ambao siku hizi hupandwa kama ua la pambo katika nchi nyingi za joto, na ambao waganga wa sehemu mbalimbali, Jamaika ikiwamo, wameutumia kutibu kisukari, yaani maradhi ambayo sukari huzidi katika damu kwa kuwa mwili hautoi insulini ya kutosha au hauitumii ipasavyo. Mwaka 1952 majani 25 ya mmea huo yalitumwa kutoka Jamaika hadi Kanada kwa daktari Clark Noble, naye akayakabidhi kwa ndugu yake Robert, mtafiti katika Chuo Kikuu cha Western Ontario.

Panya walinyweshwa dondoo la majani hayo, yaani kimiminika kilichobeba viini vya mmea, lakini sukari yao haikushuka. Walipodungwa dondoo hilo kwa sindano, walikufa baada ya siku chache kwa maambukizi ya bakteria. Uchunguzi ukaonyesha kwamba seli nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, zilikuwa zimepungua mno, na uboho unaozitengeneza ulikuwa umeathirika. Ni kosa kusema kwamba jaribio hilo lilishindwa, kwa maana kiini kilichoangamiza seli hizo ndicho kilichokuja kutengwa na Robert Noble na Charles Beer mwaka 1958, kikaitwa vinblastini, nacho hutumika kutibu saratani. Ndugu yake, vinkristini, kutoka mmea huohuo, imo katika tiba ya saratani ya Burkitt, inayowapata watoto wa Afrika Mashariki.

Vifo vya panya hao vinaonyesha pia kwamba hoja ya kuwa dawa fulani imetumiwa na wazee bila madhara haitoshi kuthibitisha usalama wake, kwani uboho unaodhoofika hauonekani kwa macho, na aliyekufa kwa homa miezi kadhaa baadaye ni nadra kuhusishwa na majani aliyokunywa. Kwa sababu hiyo dondoo hupimwa kwanza kwa wanyama, kisha kwa watu waliogawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakipewa dawa na wengine kitu kinachofanana nayo kisicho na kiini.

Mgonjwa wa kisukari anayetumia mitishamba pamoja na vidonge vya hospitali amweleze daktari wake, kwa kuwa viwili hivyo vikikutana vyaweza kuishusha sukari kupita kiasi na kumfanya azirai.