Ukikodi gari Dar, uliza hela ya daraja

Sisi tuliosomea Ulyankulu hatuwi wageni Dar es Salaam. Likizo iliyopita nilivuka Kobero na wanangu, tukafika huko, nikakodi gari dogo kuwapeleka ufukweni Kigamboni. Kabla ya kutia saini nikamwuliza mwenye gari: tozo ya daraja iko kwa nani? Akajibu kuwa mafuta na tozo ni juu yangu.

Daraja la Nyerere, lenye mita 680, lilifunguliwa mwaka 2016. NSSF iliweka fedha nyingi katika ujenzi, ndiyo maana gari hulipia kila linapovuka. Viwango vilipunguzwa mwaka 2022. Hata hivyo, kwenda na kurudi siku nne ni malipo manane!

Wanaoumia zaidi ni wafanyabiashara wetu wanaokodi gari pamoja na dereva. Jioni hudaiwa hela ya daraja mara nne, ilhali wamevuka mara mbili. Daini risiti pale pale kibandani.

Pantoni ya Magogoni nayo hulipiwa. Njia ya Mbagala hadi Kongowe haina tozo, ila foleni yake hunywa mafuta.